Lebo ya mshumaa wa harufu: leta glasi kwanza, picha itafuata

Wateja wengi wa mishumaa hututumia picha kabla ya kitu kingine chochote. Ua limeshachaguliwa, rangi zimeshapangwa, jina la harufu limeshapatikana. Glasi yenyewe imebaki nyumbani. Sisi tunaochora na kuchapa lebo hapa Tabora huomba mambo yaanze upande wa pili: glasi moja tupu, glasi moja yenye nta iliyokwisha kupoa, na mafuta ya harufu unayotumia, hata kijiko kimoja ndani ya kichupa. Kuchora si kazi ngumu. Lebo ya mshumaa huharibiwa na vitu vitatu ambavyo havionekani kwenye picha: mafuta, joto na mzunguko wa glasi.

Mafuta hula wino

Mafuta ya harufu yasichukuliwe kama mafuta ya kupikia. Yana viyeyushi vinavyolainisha wino, gundi na hata baadhi ya plastiki. Nta gramu 200 ikitiwa harufu kwa asilimia 6 inabeba gramu 12 za mafuta hayo, na tone moja likichuruzika ubavuni wakati wa kumimina linatosha kufuta jina la bidhaa.

Printa za wino za kawaida, zile za steshenari nyingi, ndizo huumia mapema. Wino wake huyeyuka kwa maji, hivyo hata jasho la mkono huuvuruga. Wino wa pigmenti una chembe za rangi zinazokaa juu ya karatasi na hustahimili zaidi, maji na jua vyote. Printa ya leza hutumia unga wa tona unaoshikishwa kwenye karatasi kwa joto. Maji hauyaogopi, lakini yapo mafuta ya harufu yanayoulainisha mpaka ukabanduka kwa ukucha. Na lebo za karatasi ya joto, jamaa wa karatasi za risiti, zisiguse mshumaa kabisa. Maandishi yake huzaliwa na joto, kwa hiyo glasi ikipata moto lebo nzima hugeuka kiza.

Jaribio letu ni rahisi na unaweza kulifanya mwenyewe kabla ya kulipia lebo mia. Chapa lebo tatu. Ya kwanza itie tone la mafuta yako ya harufu, iache usiku kucha, asubuhi isugue kwa dole gumba. Ya pili itie maji. Ya tatu ibandike kwenye kioo cha dirisha linalopigwa na jua, wiki mbili, nusu yake ukiifunika kwa kadi. Ukiondoa kadi utaona rangi zipi zimekimbia. Mara nyingi waridi na nyekundu hutangulia. Jua la Tabora mwezi wa kumi halina subira, na duka likiwa na rafu mbele ya mlango, rafu hiyo ndiyo itakayohukumu wino wako.

Laminesheni, yaani utando mwembamba wa plastiki juu ya karatasi, husaidia juu, lakini haisaidii ukingoni. Karatasi ya stika iliyokatwa ina ukingo ulio wazi pande zote nne, na mafuta huingia hapo na kusafiri ndani ya nyuzi, ndipo unapoona doa linalong'aa kama karatasi ya kufungia andazi. Glasi yenye kifuniko tunaipa karatasi yenye laminesheni isiyong'aa, maana rangi za maji zinapendeza juu ya karatasi kuliko juu ya kitu kingine chochote. Glasi isiyo na kifuniko, tunashauri stika ya plastiki, hata kama mchoro utapoteza ulaini kidogo. Pembe tunazikata mviringo. Pembe kali huanza kuinuka ndani ya wiki chache.

Kubandika kuna saa yake. Ukibandika kabla ya kumimina, joto la nta hulainisha gundi na lebo huteleza au hufanya mapovu. Mimina, acha nta ipoe kabisa mpaka kesho yake, futa glasi kwa kitambaa chenye spiriti, iache ikauke, ndipo ubandike. Anzia katikati ukienda pembeni, na kadi ngumu badala ya kidole.

Mshumaa usio na glasi

Mkoa huu una nta ya nyuki, na wapo wanaotengeneza mishumaa inayosimama yenyewe bila glasi. Hapo stika haifai hata kidogo: gundi haishiki juu ya nta, na ikishika inang'oa tabaka. Tumia mkanda wa karatasi unaouzunguka mshumaa na kujibandika wenyewe kwa nyuma, sentimita 1 ya kupishana ikitosha. Chini ya mkanda weka karatasi ya kuokea, kwa sababu nta na harufu vitapenya na kuchora madoa. Na kwenye mkanda huohuo iandikwe, kwa herufi zinazosomeka: ONDOA KARATASI HII KABLA YA KUWASHA. Karatasi iliyozunguka mshumaa unaowaka ni utambi wa pili.

Nta ya nyuki ina tabia nyingine inayoleta kesi dukani. Baada ya wiki au miezi hutoa utando mweupe kama vumbi. Si ukungu wala uchakavu. Ni sehemu ya nta inayopanda juu yenyewe, na hufutika kwa kitambaa laini. Mnunuzi asiyejua atarudisha mshumaa. Mstari mmoja nyuma ya lebo unaokoa mabishano hayo.

Halafu kuna jambo la hapa kwetu ambalo mbunifu wa mji mwingine asingelifikiria. Glasi ya duara, nta ya rangi ya dhahabu, nyuki aliyechorwa, neno ASALI kwa herufi kubwa: mtu wa Tabora akikiona kitu hicho rafuni, ataona asali. Tena ikinukia asali! Kwa hiyo harufu ya asali, embe au nanasi tunaipa masharti. Neno MSHUMAA liwe kubwa kuliko jina la harufu, utambi au mwali uonekane kwenye mchoro, na ikiwa nyumbani kwa wateja wako kuna watoto, ongeza “hailiwi”. Mchoro wa mzinga wa gome uliotundikwa mtini unaeleza asili ya nta vizuri kuliko mchoro wa asali inayodondoka kutoka kijikoni.

Kupima

Usipime glasi kwa rula. Zungushia utepe wa karatasi, weka alama unapokutana, kisha upime utepe. Glasi yenye upana wa sentimita 7 ina mzunguko wa takriban sentimita 22. Lebo ya kuzunguka yote tunaikata 21.5, iache mwanya wa nusu sentimita nyuma. Ncha zikigusana kamili hazitalingana kamwe, na zikipishana ile ya juu itabanduka.

Zungushia utepe mara mbili, karibu na mdomo na karibu na kitako. Tofauti ikizidi milimita 3, glasi ni ya koni, na lebo iliyonyooka itapanda ncha zote mbili kama tabasamu au itakunjamana chini. Hapo kuna njia mbili. Tumia lebo ndogo ya mbele, upana usiozidi sentimita 5 au 6, ambayo macho hayataona kosa lake. Au kata lebo ya upinde: laza glasi juu ya karatasi, ivingirishe polepole huku penseli ikifuata ukingo wa juu na wa chini, na umbo litajichora lenyewe. Ya pili inapendeza, ila inakula karatasi, maana mipinde haipangiki vizuri kwenye A4.

Mfano wa hesabu ya karatasi. Lebo ya sentimita 6 kwa 8 inahitaji milimita 3 za ziada kila upande ili kisu kikiyumba usionekane ukingo mweupe, kwa hiyo inakuwa 6.6 kwa 8.6. Karatasi ya A4 ni 21 kwa 29.7. Zinaingia tatu kwa tatu, jumla 9, na lebo 100 zinahitaji karatasi 12. Chapa 14; mbili ni za makosa ya kukata. Maneno yote yakae milimita 3 ndani ya mstari wa kukata.

Mchoro

Chora mara mbili ya ukubwa wa mwisho, juu ya karatasi nzito ya rangi za maji, gramu 300 kwa mita mraba ikiwezekana, maana nyepesi hujikunja ikilowa na skana itapiga vivuli vya mikunjo. Kumbuka tu kwamba kila mstari utapungua nusu. Mstari wa nusu milimita unabaki robo, nao bado unaonekana. Unywele wa kalamu nyembamba kabisa utapotea au utakatikakatika. Manyoya ya nyuki, mishipa ya jani, nukta za kivuli: punguza. Mchoro wenye vitu vitatu vikubwa unasomeka kutoka upande wa pili wa duka, wenye vitu kumi na viwili hausomeki hata mkononi.

Skani kwa nukta 600 kwa inchi, usipige picha kwa simu. Simu hupinda pembe na kuifanya karatasi nyeupe iwe ya manjano upande mmoja. Faili la mwisho la kuchapa liwe nukta 300 kwa inchi katika ukubwa halisi, yaani lebo ya sentimita 8 iwe na pikseli kama 945 upande huo. Picha iliyopitia WhatsApp imeshabanwa. Itume kama dokumenti.

Rangi kwenye skrini ni mwanga, kwenye karatasi ni wino. Buluu ya feruzi, zambarau kali na machungwa yanayowaka hufifia zikichapwa, na hakuna fundi atakayezirudisha. Karatasi ya kaki inaongeza tatizo: printa za kawaida hazina wino mweupe, kwa hiyo kila sehemu nyeupe ya mchoro wako itakuwa kaki. Kwenye kaki tunachora kwa wino mweusi peke yake na rangi moja, basi.

Na chora kilichomo. Mshumaa wa mchaichai usipambwe kwa asumini kwa sababu asumini linapendeza zaidi.

Maneno yanayotakiwa

Uzito unaoandikwa ni wa nta, bila glasi, na unapatikana kwa mizani. Glasi ya mililita 250 haibebi gramu 250: ukiijaza hadi mililita 200 kwa nta ya nyuki utapata gramu 190 hivi. Wakala wa Vipimo ndio wanaosimamia bidhaa zilizofungashwa, na kukosea hapa ni kosa la kisheria, si la kisanii. Alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, haipambi lebo. Huwekwa na aliyepewa leseni ya kuitumia. Jina la biashara na alama yako husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, na ni vyema kuangalia kabla ya kuchapa lebo elfu.

Maonyo yaende chini ya kitako, kwenye stika ya duara: usiuache ukiwaka peke yake, weka mbali na watoto, wanyama na pazia, kata utambi ubaki milimita 5 kabla ya kuwasha, usiwashe zaidi ya saa 4 mfululizo, zima ikibaki nta sentimita 1. Hilo la mwisho lina sababu yake: mwali ukifika karibu na kitako, glasi hupata moto mahali pamoja na inaweza kupasuka, au kuunguza meza.

Msimbo pau wa Tanzania, ile mistari inayosomwa na skana dukani, huanza na 620. Ukubwa wa kawaida ni kama milimita 37 kwa 26, na usishuke chini ya asilimia 80 ya hapo. Usichapwe kwa nyekundu, kwa sababu mwanga wa skana ni mwekundu na mistari itatoweka. Kwenye glasi nyembamba usimamishe, mistari ilale kama ngazi.

Boksi

Boksi liwe na nafasi ya milimita 3 zaidi ya glasi. Hapo ndipo A4 huwaumbua watu. Glasi ya sentimita 7 inataka kuta nne za 7.3, yaani 29.2, na ulimi wa gundi 1.5: jumla 30.7. A4 inaishia 29.7, kwa hiyo unahitaji A3. Glasi ya 6.5 inataka 28.7 na inaingia. Tofauti ya nusu sentimita kwenye glasi hubadilisha gharama ya boksi, na hili ni vyema kulijua kabla hujanunua glasi.

Kadi ya gramu 300 ikikunjwa bila kuchorwa mfereji hupasuka rangi kwenye kona. Pitisha bolpeni iliyokwisha wino kando ya rula ya chuma, kisha ukunje.

Kwa mzigo unaokwenda Kigoma kwa treni au basi, weka duara la karatasi ya kuokea juu ya nta, kisha kifuniko, na utenganishe glasi kwa vipande vya boksi la mawimbi. Maranda huingia kwenye nta na nyasi hubeba unyevu na wadudu; karatasi iliyochanwachanwa inatosha. Nta ya nyuki huyeyuka nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi na husafiri vizuri. Nta ya soya ni laini zaidi, na kwenye buti la basi mchana hutoa jasho la mafuta. Mzigo wa soya uondoke usiku.

Ukija kuagiza, lete vile vitu vitatu vya mwanzo, glasi tupu, glasi yenye nta na mafuta ya harufu, pamoja na uzito uliopima na idadi ya glasi. Sampuli moja iliyobandikwa tunakupa ukae nayo wiki nzima. Iwashe saa 4, izime, iguse lebo, kisha utuambie.