Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliyenitumia King

Mdogo wangu,

Mzigo umefika. Yule kaka uliyempa alitua KIA na kesho yake baada ya misa akauleta mwenyewe mpaka hapa Majengo, Moshi, boksi halijabonyea hata kona, mwambie nashukuru sana aisee. Najua umeona nimesoma meseji zako sijajibu ukaamua nimenuna. Sijanuna. We na mimi tukirushiana voisi lazima tugombane, ukisikia sauti yangu tu ushajibu kabla sijamaliza, ndo maana nimeona bora niandike huku, walau kwenye kusoma huwezi kunikatisha.

Nianze na King, ile sanamu ya yule mwanamieleka wa gemu la Tekken anayevaa barakoa ya kichwa cha jagwa, paka mkubwa wa Amerika anayefanana na chui, maana najua ndo unachosubiri.

Ni mzuri. Tena mzuri sana, na nasema hivi kama mtu aliyemchezea King toka enzi za padi za waya mpaka vidole gumba vikaota sugu. Aliyechonga kile kichwa alikaa akamwangalia jagwa kweli. Pale kwenye banda la gemu sote tulikua tunamuita Chui, lakini madoa ya jagwa yana vidoti ndani yake na ya chui kwa kawaida hayana, sasa mulika shavu la huyu King kwa taa ya simu uone, vidoti vipo, vimepakwa mpaka nyuma ya masikio. Kinywa kimeachama, meno yamekaa kwa mpangilio, ulimi una wekundu wake tofauti na ufizi. Kuna sanamu za bei kubwa kuliko hii ambazo uso wake unaonekana kama umechovywa kwenye kopo la rangi ukaanikwa. Huyu hapana, huyu kafanyiwa kazi.

Na kimo wamekipatia. Kwenye gemu King ana mita mbili kamili, sanamu ni kipimo cha moja kwa kumi na mbili, kwahiyo inatakiwa icheze kwenye sentimita 17 hivi, nimechukua rula ya mwanangu ya shule nikapima na iko palepale. Kuna watu wataona hili ni jambo dogo ila King akiwa mfupi sio King tena, yule mtu ukimchagua unataka aliye mbele yake aonekane mtoto.

Sasa viungo. Kiwiko kinakunja mara mbili, goti hivohivo, kifua na tumbo vinapinda kila kimoja kivyake, ukitaka ainame kama anamvizia mtu anainama. Vifundo vya miguu vilikua vigumu sana, sikulazimisha, nilimtumbukiza miguu kwenye maji ya moto kidogo plastiki ikalainika nikazungusha taratibu, sasa hivi anasimama bila stendi. Bega la kushoto limelegea, ukimnyanyua mkono baada ya muda unashuka wenyewe, hilo sijalipenda na kwa hela ulizotoa halikutakiwa kuwepo.

Ila shida yangu kubwa na hii sanamu ni mikono. Wameweka ya akiba ya kubadilisha, ya ngumi, ya vidole wazi, na ya kushika. Sasa we unamjua King, King humpimi kwa ngumi. King ni mieleka, ni kukamata mtu, ukiwa na sanamu ya King cha kwanza kuangalia ni kama anaweza kumshika mtu miguu akamzungusha ile Giant Swing. Huyu hawezi. Mikono ya kushika ni myembamba, nimejaribu kwa sanamu ya mtu mwingine ya kipimo hikihiki niliyoazima kwa kijana wa jirani, kifundo cha mguu hakiingii, kikiingia kinachomoka. Yani wamemtengeneza asimame mbele ya kamera tu. Mi King wangu sikumchagua kwa ajili ya kusimama.

Unakumbuka. Tekken 3 kwenye tv ya chogo, gemu lilitoka kwenye PlayStation mwaka 1998 lakini huku kwetu lilikaa miaka na miaka, watoto walizaliwa wakakua wakalikuta bado lipo kwenye lile banda, na mimi msichana peke yangu kwenye lile benchi, nyie wote mlikua mnamgombania Eddy Gordo, mnabonyeza mateke hovyohovyo Mbrazili wa watu anazunguka chini mnasema mnajua. Mi nilijifunza kushika. Zungusha nusu duara, bonyeza kwa wakati, ukichelewa kidogo umeliwa. Ulikua unalia nikikurusha, kisha unaomba tena. Na mama anakuja kututoa pale kwa kandambili, kapita kutoka sokoni Mbuyuni na beseni lake la biashara, lakini kabla hajatupiga anauliza kwanza nani ameshinda.

Na we ndo uliyenisimulia habari za King, mimi nilikua namcheza tu. We ndo uliniambia kwamba huyu wa Tekken 3 sio yule wa mwanzo, yule wa mwanzo alikua analea yatima na hela za mieleka zinaenda kwenye kituo cha watoto, alafu lile dude Ogre likamuua, na mmoja wa wale yatima aliokua amewalea akavaa ile barakoa ili kituo kisife, hajui hata kupigana vizuri, mpaka Armor King, mpinzani wa zamani wa yule wa mwanzo, akaja kumfundisha. Baadae ukiwa sekondari ukaniletea mpya, kwamba Meksiko kuna padri wa kweli, Sergio Gutiérrez Benítez, alivaa barakoa akapigana mieleka zaidi ya miaka 20 kwa jina la Fray Tormenta ili alishe yatima wake, na King ametokana na huyo. Ulikua unasimulia macho yanawaka. Mama anamenya ndizi pembeni anasikiliza, akasema huyo padri ni mtu wa Mungu.

We ulikuja kwetu hujui hata kufunga kamba za viatu. Mama mdogo alikua ametangulia, na mama hakukuita "mtoto wa mdogo wangu" hata siku moja, alikua anasema "mwanangu", mimi mwanae wa kumzaa nililala chini we ukalala kitandani kwa sababu ulikua unaota usiku. Sikukuonea wivu. Nilikupenda hivohivo mpaka leo.

Kwahiyo nieleze ile Jumamosi.

Tekken 8 ilitoka tarehe 26 Januari 2024, siku ya Ijumaa. Mama tulimzika kesho yake. Hukuweza kuja, sawa, vibali vyako vilikua vimekaa vibaya na ukitoka Ujerumani usingerudi, hilo nililielewa na niliwatetea wewe na sababu zako kwa ukoo mzima pale Kibosho, baba mdogo alitaka kusema neno kwenye wasifu nikamwambia hapana. Tukakupigia vidio wakati wa kushusha, kijana kanyanyua simu juu ya watu ili uone, ukasema mtandao unakata, ukakata kweli. Nikasema hewala, migombani kule mtandao ni shida. Usiku tunaosha masufuria, wakina mama wanaimba, mi nimekaa kwenye kiti cha turubai naandika majina ya waliochangia, simu ikalia kwamba upo laivu. Nikafungua nikidhani unaomboleza na watu wako huko. Ulikua unacheza. Umemchagua King. Na ulikua unacheka.

Nimejaribu kujieleza kwa niaba yako. Nimesema labda ndo namna yake ya kulia, labda alimchagua King kwa sababu ya mama, labda angekaa kimya angepasuka. Watu wanaomboleza tofauti, naelewa, kuna wanaolewa, kuna wanaofagia uwanja mpaka asubuhi. Kucheza ningekusamehe palepale. Lakini kile kicheko, ulimrusha mtu Giant Swing ukacheka kile kicheko chako cha bandani kabisa, kama mtu ambaye nyumbani kwao wote wazima, na udongo wa mama ulikua haujakauka. Nakisikia mpaka leo nikiwa naosha vyombo.

Alafu wiki mbili hazijaisha ukaandika kwenye grupu la familia kwamba nimeuza urithi wenu.

Nikushauri kama dada yako, na wengine mnaosoma hapa mkiwa mbali mlisikie pia. Mtu akiwa nje asihesabu mali ya nyumbani kabla hajahesabu nani alilala kwenye benchi la hospitali. Figo zikishakufa damu inasafishwa kwa mashine, mara tatu kwa wiki, kila wiki, haina sikukuu. We ulituma hela, sikatai, na kuna mwezi ulituma mpaka nikajua huli vizuri, nililia siku ile. Lakini hela yako na mshahara wangu na mchango wa jumuiya vikiwekwa pamoja havikufika. Kiwanja cha Pasua kilikua cha mama, alikinunua yeye kwa beseni lile la Mbuyuni, na alikaa kitandani akasema uza, baba mdogo akiwepo na mjumbe akiwepo, akaweka dole gumba. Unasema alikuahidi nusu. Inawezekana, mama alikua anaahidi watu vitu vizuri. Ile nusu yako ilimpa kuamka asubuhi zile zote za mwisho, na asubuhi hizo alikua anakuulizia wewe kabla ya chai. Niliuza ndio. Leo akirudi akaugua tena nauza tena, nauza na kabati hili King aliposimama.

Nimemuweka kwenye kabati la vyombo, mbali na dirisha, jua la hapa Moshi unalijua linavyopausha rangi. Na ile mifuko ya nailoni nimeitoa, plastiki ya hivi ikifungiwa kwenye joto inatoa mafuta inaanza kunata. Mwanangu anaruhusiwa kumshika akinawa mikono. Namtunza, usiwe na wasiwasi, na simrudishi.

Ila usije ukadhani umemaliza. We ni Mchaga, umekulia kihambani, unajua mtu aliyekosana na mwenzie anapeleka nini. Anapeleka jani la sale, na aliyepelekewa hawezi kukataa, hata kama ameumizwa mpaka mfupani atakaa chini asikilize. Huo ndo mlango tulioachiwa na ni wa bure. King amechongwa vizuri, hata ningepewa hela ninunue mwenyewe ningenunua huyuhuyu, lakini hajabeba neno lolote kutoka kwako, nimepekua boksi lote mpaka chini ya trei nikitafuta hata kikaratasi.

Desemba kila mtu anapanda nyumbani, kata tiketi mapema kabla bei hazijapaa, na vibali najua sasa hivi vimekaa sawa maana umepost mwenyewe. Nitakuja kukupokea KIA mimi, sitamtuma mtu. Chumba chako kipo. Tutapanda wote Kibosho, kaburi tunataka kulijengea kabla ya mwaka mpya na mafundi wanasubiri neno lako kuhusu maandishi, jina lako litaandikwa kwenye watoto, hilo halina mjadala na yeyote.

Ukishuka usianze na kiwanja. Karatasi za mauziano anazo baba mdogo, utazisoma zote mstari kwa mstari siku ya pili yake. Anza na ile Jumamosi.

Dada yako