Gorogoro iko chini ya sinki

Kisumu

Mwanangu,

Jumamosi nilikabidhi faili, mhuri na funguo za kabati. Chama chetu cha walimu wa hisabati kina mwenyekiti mwingine sasa. Walinituza leso na saa ya ukutani, saa yenyewe haina betri.

Nilifanya nini muda wote wa uenyekiti wangu? Vikao. Mwaka wa 2025 tulibishana hadi chai ikapoa, kama hisabati iwe ya hiari katika sekondari pevu, yaani madarasa ya juu ya sekondari. Baadaye serikali ikaamua kila mwanafunzi aisome: wa sayansi ile nzito, wengine iliyopunguzwa uzito. Nilifurahi, ila si sana. Kulazimisha somo ni kazi ya waraka. Darasani utaingia wewe.

Ninalolikumbuka zaidi lilitokea kabla sijawa mwenyekiti. Kijana mmoja aliandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Nikamtilia X kubwa nyekundu, darasa likacheka, nami nikacheka. Baada ya kipindi akanifuata varandani. "Mwalimu, mechi ya kwanza tulipiga penalti mbili, ikaingia moja. Ya pili tukapiga tatu, ikaingia moja. Si ni mbili kati ya tano?"

Nilibaki na chaki mkononi. Hesabu yake ilikuwa sawa, ila ilijibu swali lingine. Yeye alijumlisha mikwaju ya mechi mbili. Mimi nilitaka nusu na thuluthi za kitu kimoja. Kesho yake nikaja na gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka, na mahindi ya soko la Kibuye. Tukapima nusu, tukapima thuluthi, tukamimina pamoja: ikabaki sudusi tu ijae. Akaitazama, akasema, "Kumbe mbili kwa tano haifiki hata ile nusu tuliyoanza nayo." Sikuongeza neno.

Miaka hiyohiyo, jioni, wewe ulikuwa ukilia mezani kwa hesabu za kugawanya, nami nikikurushia daftari. Wana wa watu niliwapimia mahindi. Wewe sikukuuliza hata siku moja ulifikaje kwenye jibu. Halafu nikasimama kwenye semina kuhubiri subira! Nisamehe, mama.

Gorogoro ile ningali nayo, chini ya sinki. Ukija Pasaka uibebe. Imebonyea kitako, wachuuzi wangeipenda sana kwa kupunja wateja, lakini nusu yake bado ni nusu.

Mamako