Barua kwa mwanangu, kuhusu rafiki yako

Mwanangu mpenzi,

Yule rafiki yako uliyekuja naye Jumapili nilimfahamu kabla hajamaliza kula. Sima aliimega haraka haraka, kipande cha samaki akakiweka pembeni, kisha akaniomba karatasi amfungie mdogo wake. Kila bodaboda ilipopita nje, aligeuza shingo. Wewe ukadhani ana haya. Mimi nilijua kwao kuna mzazi mlevi, maana nimelelewa hivyo hivyo.

Babu yako alikuwa kibarua bandarini, Kilindini. Siku ya malipo pesa zilianzia mangweni, kwa pombe ya mnazi, na mnazi ukiisha, chang'aa. Sisi tuko Mtopanga, tunasikilizia kikohozi chake njiani. Akija anaimba, tutalala salama. Akija kimya, nambeba mjomba wako mgongoni tunatokea mlango wa uani. Bibi yako alivumilia, akachoka, akarudi kwao. Mama wa nyumba nikawa mimi, na mimi mwenyewe bado wa kulelewa.

Jioni nilikwenda soko la Kongowea kuokota viazi vilivyodondoka kwenye magunia na nyanya zilizopondeka. Kulikuwa na mama mmoja muuza mahamri, akiniona tu huniita, "We mwana, hebu njoo uniondolee haya yaliyobaki." Hayakuwa yamebaki. Alikuwa akiyatenga makusudi, na hata siku moja hakuniuliza baba yuko wapi. Namuombea dua mpaka leo.

Shule niliacha kwa sababu ya ada. Nilirudi elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2003, mkubwa kuliko wenzangu wote darasani.

Miaka mingi niliamini baba anakunywa kwa sababu yangu. Labda ningekuwa na adabu zaidi, labda sima isingeungua. Si kweli, mwanangu. Ulevi ule ni maradhi. Mwili unazoea pombe hadi asubuhi mikono inatetemeka, kikombe cha chai hakishikiki mpaka aonje tena. Hakuna mtoto anayemletea mzazi wake maradhi hayo, wala hakuna mtoto anayeweza kumponya kwa kuwa mwema. Rafiki yako hajaambiwa hili na mtu yeyote. Naona anabeba aibu isiyokuwa yake.

Basi usimhoji. Mlete ale, mcheze, arudi kwao. Lakini akikwambia anapigwa, au mdogo wake analala njaa, hiyo si siri ya kutunziana. Njoo uniambie siku hiyo hiyo. Mwambie pia ipo namba 116, simu ya kusaidia watoto, kuipiga ni bure. Sisi hatukuwa nayo.

Na wewe nawe usikilize. Maradhi haya hutembea katika ukoo. Kuwa na babu mlevi si kwamba lazima utalewa, ila hatari yako ni kubwa kuliko ya wenzako, na kadiri mtu anavyoanza mapema ndivyo inavyozidi. Ndiyo sababu nilikufokea uliposema vijana wa Bamburi wamekuonjesha mnazi. Nilipatwa na hofu ile ya zamani, yote kwa mara moja.

Ukitaka kujua lolote kumhusu babu yako, niulize mimi, nitakujibu. Mjomba wako usimuulize. Yeye bado hawezi kuyasema.

Mamako