Shoga, hebu nishauri kuhusu kaka

Shoga yangu,

Salaam aleikum. Sisi wazima, mama na miguu yake ile ile, kanga zimefika, ahsante. Umbea wa harusi ya Makorora nitakupa siku nyingine, leo nina jambo.

Kaka anataka kutoa ushahidi. Ile kesi ya mzigo wa kazini kwao, si unaijua? Kaapa atawataja wote. Nami kwa balaa langu nimesoma habari za Barry Seal, yule rubani wa Louisiana, Marekani, na usingizi umeniruka.

Mtu alikuwa rubani wa TWA, shirika la ndege la Marekani, mshahara na heshima zake! Mwaka 1972 akakamatwa kwa tuhuma za kutaka kupeleka vilipuzi Mexico, kazi ikaota mbawa. Akaishia kuwabebea kokeini wakubwa wa genge la Medellín, kule Kolombia. Aliposhtakiwa Florida, akageuka mpasha habari wa DEA, idara ya Marekani ya kupambana na dawa za kulevya. Juni 1984 akaenda Nikaragua na ndege yenye kamera za siri, Pablo Escobar mwenyewe, bosi wa genge hilo, akanaswa pichani mzigo ukipakiwa. Mwezi uliofuata habari zikavuja gazetini. Hapo nani tena hajui aliyewachoma?

Sasa sikia. Jaji wa Baton Rouge akamwamuru miezi sita alale kwenye hosteli ya Salvation Army, lile Jeshi la Wokovu la kanisa, kila siku saa kumi na mbili jioni hadi kumi na mbili asubuhi. Walinzi wenye silaha, marufuku. Yaani anayemtaka aangalie saa tu! Mwenyewe naye alishakataa kufichwa na serikali, kiburi kama cha kaka vile. Tarehe 19 Februari 1986, jioni, wakamkuta garini pale pale nje ya hosteli, wakammiminia risasi.

Nimemsimulia kaka, akacheka: “Mimi nimebeba kokeini? Mimi nahesabu magunia.” Mama akasema nipunguze kusoma usiku. Lakini jaji yule, shoga... saa ile ile, mlango ule ule! Alidhani Wakolombia hawana saa?

Wewe ndiye wakili wetu. Ile sheria yetu ya 2015 ya kulinda mashahidi inamfaa mtu kama kaka, au ni ya kesi kubwa tu? Anaiomba wapi? Jina lake linaweza kufichwa? Akishaandika maelezo polisi, anaweza kurudi nyuma? Na wewe utakuja lini Tanga umseme mwenyewe, maana mimi hanisikii?

Wako,
Mama Nunu