Majibu ya vipimo vya njiwa wetu yako wapi?

Mhariri, shikamoo kama umenizidi umri, kama sivyo basi habari za kazi.

Mimi nafuga njiwa huku Mbagala, nilianza na jozi mbili tu wakazaana mpaka wakavuka 30, na chini ya banda lao wanalala kuku wa kienyeji wa mke wangu. Mwaka jana njiwa mmoja akaanza kupinda shingo, akidonoa mtama anaukosa anadonoa pembeni, kinyesi maji maji ya kijani. Jirani akasema kala sumu, mwingine akasema huyo karogwa, mimi nikakimbilia duka la dawa za mifugo nikauziwa OTC, ile antibiotiki ya unga, nikawawekea kwenye maji siku tano. Hela ikaenda na njiwa 19 wakaenda. Ndo kijana mmoja anayesomea mifugo akaniambia mzee hivyo ni virusi, OTC kazi yake ni bakteria, ungewapa hata chai ya rangi ingekuwa ni yale yale.

Kumbe njiwa nao wana kideri chao. Ni kirusi cha ukoo mmoja na kile cha kideri cha kuku, wengine wanakiita mdondo au Newcastle, ila vinasaba vyake vinakiweka kwenye kundi la 6, wakati vya kuku wetu huku Afrika Mashariki vilivyosomwa Kenya na Uganda vingi viliangukia kundi la 5. Sasa mtu atasema kundi la 5 au la 6 mimi linanihusu nini, nami nilisema hivyo hivyo, mpaka nikasikia habari ya Uingereza mwaka 1984, njiwa wagonjwa walijisaidia kwenye maghala ya chakula cha mifugo bandarini Liverpool, chakula kikapelekwa mashambani, kuku wasiochanjwa wakaugua sehemu zaidi ya 20. Na mimi gunia la pumba naliweka wapi? Chini ya banda la njiwa!

Kijana akanieleza na jinsi maabara wanavyojua. Kuna protini moja wanaiita F, kirusi kinaitumia kuingilia kwenye seli, lakini lazima ikatwe kwanza ndo ifanye kazi. Ya kirusi kipole inakatwa kwenye njia ya hewa na utumbo basi, ya kirusi kikali inakatwa karibu kila mahali mwilini, ndo maana kinafika mpaka kwenye ubongo na shingo inapinda. Wakisoma kakipande kadogo ka vinasaba kanakoonyesha F inakatwa wapi, wanajua kabisa wameshika kipi. Wanajua pia kama ni kirusi cha mtaani au ni cha chanjo, maana kuku ukimpima kinga kwenye damu tu huwezi kujua aliugua au alichanjwa. Na ajabu zaidi hiki cha njiwa kikiingia kwa kuku mwanzoni kinaweza kuonekana kilegevu, kikipita kuku hadi kuku kinazidi ukali, yaani ukikidharau leo utakuja kukikuta mbele.

Na si kila njiwa anayekufa ni kideri jamani. Australia Magharibi mwaka 2016 njiwa walikufa kwa kutapika na kuharisha, vilipopimwa vinasaba ikaonekana ni kirusi kingine kabisa, kinaitwa rota, na hapo hata ungekuwa na chanjo ya kideri ya dunia nzima haikusaidii kitu.

Sasa Mhariri, kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Miaka kama mitatu nyuma walikuja watu sokoni ninapouzia, wamevaa glavu, wana vijiti vya pamba, wakawapitishia njiwa na kuku kooni na huko nyuma, vijiti vingine wakavigandamiza kwenye vikaratasi maalum, wakaandika majina yetu na namba za simu, wakashukuru, wakaondoka. Mpaka leo kimya. Nasikia kazi za namna hiyo huwa zinaishia kwenye majarida ya Kiingereza, sawa, wapate digrii zao hatuna kinyongo, lakini aliyetoa njiwa ni mimi. Chanjo ya kideri ya kuku iitwayo I-2 tunayo, TVLA, wakala wa maabara za mifugo wa serikali, wanatengeneza hapa hapa nchini, inavumilia joto, ni tone moja jichoni kila miezi mitatu, mke wangu siku hizi anawachanja mwenyewe kuku wake. Kwa hiyo tukiambiwa kitu tunafanya.

Naomba wanaokuja kuchukua sampuli wawe wanarudisha majibu kwa Kiswahili, hata meseji ya mistari miwili, hata kupitia kwa afisa mifugo wa kata: njiwa wako wana hiki, kuku watenge, pumba hamisha. Hao wa sokoni kama wanasoma gazeti hili, banda bado lipo pale pale na namba yangu ni ile ile waliyoandika.

Mfugaji wa njiwa,
Mbagala, Dar es Salaam