Mashine ilisema safi, karatasi ya mamangu ikakataa

Bwana Mhariri,

Juzi mliandika habari ya mafuta ya kunukia ya feki yanayouzwa hapa Mombasa, na mwandishi wenu akamalizia eti dawa ni moja tu, peleka maabara, mashine ikisema safi basi ni safi. Hapo nikaweka kikombe cha kahawa chini. Mimi nauza mafuta Mji wa Kale, duka aliloniachia marehemu babangu, na kabla sijarudi dukani nilisoma diploma ya maabara, kwa hivyo jambo hili nalijua upande wa mteja na upande wa mpimaji, na limeshanila pesa.

Nilinunua lita 5 za mafuta ya karafuu kwa mfanyabiashara mmoja, simtaji. Akanipa na cheti cha maabara, kina muhuri, kimeandikwa yujenoli asilimia 84. Yujenoli ndicho kitu kinachoipa karafuu ile harufu na kutia ganzi jino, na mafuta mazuri huwa nayo kuanzia asilimia 70 hivi kwenda juu, basi mimi nikaona mambo sawa nikalipa. Kufika nyumbani mamangu akachovya kijiti, akadondosha tone kwenye karatasi ya daftari akaiweka dirishani. Siku ya pili jioni naikuta ina duara la mafuta, inaonyesha mpaka ng'ambo kama karatasi iliyofungiwa bajia. "Haya yametiwa mafuta ya kupikia, mwanangu." Nikamwambia mama kuna cheti hapa. Akanitazama tu.

Mama alikuwa mkweli, na kichekesho ni kwamba cheti nacho hakikuwa cha kughushi.

Walichotumia kule maabara ni kromatografia ya gesi. Tone linapigwa moto linakuwa mvuke, gesi kama heliamu inausukuma ule mvuke kwenye mrija mwembamba kama uzi, mara nyingi mita 30, umeviringishwa ndani ya oveni, na vitu vilivyoingia pamoja vinatoka kila kimoja kwa wakati wake, ni kama watu wakishuka feri ya Likoni, wameingia kundi moja lakini mwenye mbio na mwenye kapu la samaki hawafiki stejini pamoja. Kila kinachotoka kinachora mlima kwenye chati. Sasa mafuta ya kupikia ni mazito mno, kwenye kipimo cha aina hii hayageuki mvuke, yanabaki yamegandia pale mlangoni, hayatoki na hayachori kitu. Halafu kompyuta inachukua ile milima iliyotoka, inaihesabu yote pamoja kuwa mia. Kwa hivyo ile 84 ni asilimia ya vilivyotoka, sio ya vilivyoingia! Changanya nusu kwa nusu na mafuta ya alizeti, itakwambia 84 vilevile. Na njia ya kuikamata hila hii ipo, mwanafunzi wa diploma anaijua, unapima kwa mizani kiasi cha kitu unachokifahamu, unakitia kwenye sampuli, kisha unalinganisha mlima wake na mlima wa yujenoli, upungufu unaonekana. Hawakufanya. Labda haraka, labda hakuna aliyewaomba.

Nikachukua kichupa nikampelekea rafiki yangu mwenye mashine ya infraredi. Hii haitenganishi vitu, inamulika tone kwa mwanga ambao jicho halioni, na vifungo vinavyoshikanisha atomu za molekuli vinatikisika, kila aina ya kifungo inanyonya sehemu yake ya mwanga. Dakika moja tu chati imetoka, na pale kwenye namba 1745 ya mstari wa chini wa chati pana shimo refu kama kisima, ndipo kaboni na oksijeni za mafuta ya kula zinapojitangaza. Karafuu halisi nayo ina asetati ya yujenoli inayoonekana jirani hapo, kwenye 1765 hivi, lakini sio kisima kile. Rafiki yangu akacheka. Mimi sikucheka, lita 5 jamani.

Lakini msije mkaandika wiki ijayo kwamba infraredi ndiyo mfalme. Mchanganyiko ukiwa na vitu ishirini, yote inarundikana kwenye chati moja, mtu akitia kitu kidogo cha ujanja kinajificha humo humo. Hata ile mashine ya kuvunja molekuli na kupima uzito wa vipande, ambayo watu wanaiogopa kama kadhi, ina pahali inapokwama: yujenoli na ndugu yake isoyujenoli, zote uzito wa molekuli yake ni 164, atomu zilezile, tofauti ni mahali pa kifungo kimoja, na vipande vyao vinafanana sana. Hapo sasa kinachokuokoa ni kromatografia, kwa sababu zinatoka kwa wakati tofauti. Na wakati wenyewe peke yake pia hautoshi, vitu viwili tofauti vinaweza kutoka pamoja, ndio maana mtu makini anapitisha na yujenoli halisi ya kulinganishia kwenye mashine hiyohiyo, siku hiyohiyo. Yule Mrusi Tswett aliyeanza kromatografia mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa akitenganisha rangi za majani kwenye mrija wa unga wa chokaa, rangi anaziona kwa macho yake zikijipanga. Sisi tunasoma milima, na mlima hauna jina, jina unalipa wewe.

Kwa hivyo ombi langu Bwana Mhariri, mwandishi wenu akiletewa karatasi ya "maabara imethibitisha", aulize mashine gani, ililinganishwa na nini, na asilimia hiyo ni ya nini, kisha aandike majibu gazetini hata kama yanachosha. Sisi wenye maduka madogo tunanunua kwa kuamini maneno hayo.

Yule mfanyabiashara nilimpigia, akasema nimwonyeshe cheti kinachopinga chake, nikamtumia chati ya infraredi, hajajibu mpaka leo. Mafuta siwezi kuyauza, mama amenikataza hata kuyapunguzia bei. Kidogo nimepaka bawaba za mlango wa duka, sasa kila mteja akiingia ananiuliza nani anaumwa jino.

Muuza mafuta,
Mji wa Kale, Mombasa