Cha Bum-kun na mabao matano ya Marseille

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nijibu makala yenu ya michezo ya wiki iliyopita, iliyodai kwamba nyota wa zamani hawawezi ukocha. Ushahidi alioutoa mwandishi ni Cha Bum-kun, nyota wa zamani aliyekuwa kocha wa Korea Kusini, na kipigo cha 5-0 alichopewa na Uholanzi pale Marseille kwenye Kombe la Dunia la mwaka 1998.

Mbona mechi ya kwanza, dhidi ya Mexico, mwandishi ameiruka? Ha Seok-ju alitangulia kufunga kwa mpira wa adhabu. Korea haikuwahi kuongoza mechi ya Kombe la Dunia kabla ya hapo. Hata jasho la kushangilia halijakauka, Ha huyohuyo akamvaa mtu kwa nyuma. Kadi nyekundu. Wakacheza pungufu zaidi ya saa nzima, wakalala 3-1. Likaja balaa la Waholanzi, na kibarua cha Cha kikaota nyasi akiwa hukohuko Ufaransa, mechi ya tatu, dhidi ya Ubelgiji, haijachezwa.

Benchi la Uholanzi siku ile lilikuwa la Guus Hiddink. Baadaye Korea walimwajiri, na mwaka 2001 naye akala tano bila mara mbili, kwanza kwa Ufaransa, kisha kwa Czech. Wakorea wakampachika jina la utani la hizo tano-sifuri, lakini hakufukuzwa. Mwaka 2002 akawafikisha nusu fainali. Cha alinyimwa subira hiyohiyo, ingawa miezi michache nyuma, Septemba 1997, vijana wake walikuwa wameichapa Japani 2-1 Tokyo kwa mabao ya dakika za lala salama.

Uchezaji wa Cha hauna ubishi, ila nina kisa kimoja. Mwaka 1980, Cha akiwa Eintracht Frankfurt ya Ujerumani, beki wa Bayer Leverkusen, Jürgen Gelsdorf, alimchezea rafu iliyomuumiza uti wa mgongo. Mwaka 1983 Cha akahamia Leverkusen na kuvaa jezi moja na Gelsdorf! Mimi nisingeweza. Mwaka 1988, fainali ya Kombe la UEFA, Leverkusen walikuwa wamefungwa 3-0 na Espanyol ugenini. Marudiano, dakika ya 81, ni kichwa cha Cha kilichosawazisha jumla kuwa 3-3, wakabeba kombe kwa matuta. Ligi ya Ujerumani aliiachia mabao 98, hata moja si la penalti.

Na kama hoja ni ukocha, klabu ya Suwon Samsung Bluewings ilitwaa ubingwa wa Korea chini yake mwaka 2004, ikarudia 2008. Makala nzima haina hata neno moja kuhusu Suwon. Naomba mwandishi wenu aiongeze.

Msomaji wenu,
Tanga